Mrejesho: Chaneli zilizopotea zimerudi, kosa lilikuwa kwenye kebo

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Niliomba ushauri kuhusu dishi langu la hapa Kigamboni, ambalo nusu ya chaneli zake zilikuwa zikipotea kila mvua iliponyesha, nami nilikuwa nimekwisha kushawishika kununua king'amuzi kipya. Nawashukuru kwa dhati mlionizuia.

Aliyeniambia nipime umeme wa kebo ndiye aliyelenga. King'amuzi hupeleka LNB (kile kifaa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi) volti 13 kwa chaneli ambazo mawimbi yake ni ya wima na volti 18 kwa zile za mlalo, na zilizokuwa zikipotea kwangu zote zilikuwa za mlalo. Nilipopima kwenye kiungio cha kebo kilichopo ukingoni mwa paa, LNB ikiwa bado imeunganishwa, upande wa king'amuzi ulisoma volti 17.6 lakini upande wa dishi ulisoma 13.9 tu, kwa hiyo LNB ilibaki kwenye wima hata ilipoamriwa kubadili.

Tulipokifungua kiungio hicho, maji yalitoka, na nyaya nyembamba za kukinga mawimbi zilikuwa zimegeuka kijani kwa kutu, jambo ambalo naamini hewa ya chumvi ya huku pwani imelichochea sana. Nilizima king'amuzi, nikaondoa kebo yote, nikavuta mpya ya RG6 (aina ya kebo ya dishi) isiyo na kiungio, na kwenye LNB nikaiacha ining'inie kidogo ili maji yadondokee chini. Mvua kubwa ya juzi imepita bila chaneli hata moja kukatika.