Mrejesho: klachi ya trayali iliyokuwa inanata, na ule ubishi wa pointi

Wakuu, niliuliza kwa nini pikipiki yangu ya trayali (mchezo wa kupita vikwazo kwa pikipiki bila kukanyaga chini) inasogea mbele hata nikibana klachi, hasa injini ikiwa ya baridi. Aliyesema nifungue nikague pleti za klachi alilenga penyewe. Gundi ya vipande vya msuguano ilikuwa imetokeza pembeni ikaganda. Nimeikwangua taratibu, nikaloweka pleti kwenye oili usiku kucha, nikafunga. Sasa inaachia vizuri, na nyutro inaingia bila ugomvi. Upepo kwenye mfumo wa haidroliki niliutoa pia, tofauti sikuiona.

Kuhusu ule ubishi wetu wa pointi za adhabu kwenye mashindano: mguu ukigusa chini mara moja ni 1, mara mbili 2, tatu na kuendelea 3, kushindwa kumaliza kipande cha njia yenye vikwazo 5, na mwenye chache ndiye mshindi. Hapo hatukubishana. Ubishi ni wa pikipiki kusimama bila wewe kukanyaga chini. Kwenye kanuni ya kutosimama hiyo ni 5. Kanuni ile nyingine inaruhusu kusimama. Binafsi nataka ya kuruhusu. Jaji atabishanaje na mtu kuhusu gurudumu lililotulia nusu sekunde? Ila wapinzani wangu wana hoja: ukiruhusu, watu watarukaruka papo hapo mpaka muda wa kipande uishe.