Zeolaiti, mkaa amilifu au MOF: kipi kinafaa kunasa hewa ya ukaa?

Mkulima_Njoro: Wadau, hamjambo. Nina ng'ombe wa maziwa hapa Njoro na mtambo wa bayogesi. Zaidi ya theluthi ya gesi yangu ni hewa ya ukaa, ambayo haiwaki, nami nataka kuitoa ibaki methani ya jenereta. Nasikia kuna yabisi zenye vitundu vya kuinasa: zeolaiti 13X (madini ya kutengenezwa), mkaa amilifu (uliofunguliwa vitundu) na hizi MOF. Nichukue ipi?

Kemia_Kisumu: Ndugu, kwa takwimu tupu 13X inashinda. Kwenye joto la nyuzi 25 na shinikizo la kawaida, kilo moja hushika karibu gramu 200 za hewa ya ukaa safi, mkaa amilifu kama nusu yake. Lakini vipimo hivyo ni vya gesi kavu, na gesi ya samadi hutoka imejaa mvuke. Zeolaiti hupenda maji kuliko hewa ya ukaa. Vitundu vikijaa maji, kuyatoa ni joto la nyuzi 200 na zaidi. Hata katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu hewa hukaushwa kwanza ndipo ipitie zeolaiti. Mimi nasema mkaa: hushika kidogo, ila huachia ukishusha shinikizo tu, bila moto.

Dada_Ahero: Naunga mkono, na malighafi tunayo. Lakini mkaa wa jikoni haufai kabisa, tusidanganyane. Lazima upitishwe mvuke kwenye nyuzi 800 hivi ndipo vitundu vifunguke. Maganda yetu ya mpunga yana silika (madini kama ya mchanga) nyingi mno. Ningeanza na makapi ya miwa ya Muhoroni.

Fundi_Gilgil: Hiyo ni bayogesi. Kwa hewa ya kawaida, yenye asilimia 0.04 tu ya hewa ya ukaa, mkaa hauna kazi. Hapo zinatakiwa yabisi zilizopakwa amini (kemikali zenye nitrojeni), zinazoishika kwa kifungo cha kikemia hata penye unyevu na kuiachia kwenye nyuzi 80 hadi 100. Ndiyo maana joto la ardhini la Bonde la Ufa ni mali kubwa kwetu.

Mkulima_Njoro: Na MOF, mwalimu?

Kemia_Kisumu: Ni viunzi vya metali na molekuli za kaboni. Vilileta Tuzo ya Nobel ya Kemia 2025 kwa Kitagawa, Robson na Yaghi. Ninayoipenda ni CALF-20 ya zinki, kutoka maabara ya George Shimizu kule Calgary, Kanada. Huvumilia unyevu hadi karibu asilimia 40, lakini gesi yako imefika 100, kwa hiyo hata yenyewe ungeikaushia.

Mama_Bayogesi: Baba, kabla ya yote toa ile harufu ya mayai viza kwa sufu ya chuma yenye kutu, kisha kausha gesi. Hiyo harufu ni ya salfa, nayo huharibu jenereta na huziba mkaa.

Mkulima_Njoro: Asante mama. Mitungi ya mkaa iwe miwili?

Kemia_Kisumu: Miwili, mmoja ukinasa mwingine unaachia. Bomba la kutolea liende nje ya banda, juu. Hewa ya ukaa ni nzito, hutuama chini walikolala ndama.