Upanga mfupi wa yeni 160,000, "una karatasi". Ninunue?

Chumvi_Tanga
Wakuu, habari za jioni. Nipo Nagoya, nafanya kazi yadi ya magari yanayokwenda Dar na Mombasa. Jumapili nilipita gulio la vitu vya kale nikakutana na wakizashi, ule upanga mfupi wa Kijapani. Urefu sentimita 42, ala nyeusi imechubuka mdomoni. Muuzaji akang'oa kijiti cha mwanzi, akavua mpini, akanionyesha msuka una herufi sita: Bishu Osafune Sukesada. Anataka yeni 160,000. Anasema una karatasi, na kweli anayo, nimeipiga picha.

Je, karatasi hiyo inatosha kuthibitisha kuwa ni wa huyo Sukesada? Na nikiununua, naweza kuufunga ndani ya Noah inayopanda meli mwezi ujao? Usiku silali, nauona tu ule upanga.

Babu_Msuka
Mdogo wangu, umefanya vyema kuutazama msuka kabla ya kufungua pochi. Wengi huangalia makali tu.

Uliyoonyeshwa ni torokusho. Wewe mtu wa magari, nikuambie kwa lugha yako: hiyo ni kadi ya gari, si ripoti ya ukaguzi ya mnada. Inatolewa na bodi ya elimu ya mkoa. Inataja urefu, mkunjo, idadi ya matundu ya msuka, na sahihi kama ilivyokutwa. Aliyeiandika hakusema popote kwamba sahihi ni ya kweli.

Karatasi ya uthibitisho ni nyingine kabisa. Mimi naamini ya NBTHK, chama cha kuhifadhi panga za Kijapani cha Tokyo, kilichoanzishwa 1948. Ngazi ya chini ni Hozon, inafuata Tokubetsu Hozon, halafu Juyo na Tokubetsu Juyo. Ukiletewa zile za mfumo wa zamani ulioachwa 1982, hasa za kijani, usiharakishe kufurahi.

Sasa huyo Sukesada. Si mtu mmoja. Wahunzi wengi wa Osafune, Okayama ya leo, walitumia jina hilo, na vita vya karne ya 16 vilipopamba moto walifua panga kwa mafungu. Sahihi fupi kama uliyoiona ndiyo ya mafungu. Upanga wa kuagizwa uliandikwa kirefu, pamoja na jina la mhunzi mwenyewe, kama Yosozaemon. Kwa hiyo hata ukiwa halisi, usilipe bei ya Yosozaemon.

Na sahihi za bandia, gimei, zimejaa tele. Ninayo moja kabatini, nililipa yeni 300,000 mwaka 2009. Tena jioni ile ile nikasugua kutu ya msuka kwa waya wa kusugulia sufuria, eti nisome herufi vizuri! Kutu ile ndiyo inayoonyesha umri, haiguswi. Fundi wa kunoa alipouona hakusema neno, akanimiminia chai.

Tazama picha yako, sehemu ya sahihi. Upanga usio na sahihi huandikiwa "mumei".

Zuhura_Yokohama
Kaka, hiyo ya Noah uiache kabisa! Upanga hautoki Japani bila kibali cha Idara ya Utamaduni, na torokusho unairudisha. Ukikutwa ndani ya gari utawaponza wenzako wote wa yadi. Nyumbani nako uliza forodha na polisi kwanza. Ukiamua kukaa nao hapa, toa taarifa ya kubadili mmiliki ndani ya siku 20, kwa bodi ya mkoa ulioitoa torokusho. Inaweza isiwe Aichi unakoishi.

Chumvi_Tanga
Nimempa mama wa ofisini picha anisomee. Urefu sawa. Tundu moja, sawa. Penye sahihi: mumei.

Babu_Msuka
Haya. Ama karatasi si yake, ama herufi zimezaliwa baada ya karatasi. Ungetazama ndani ya michoro ya herufi, kama kutu yake ni changa kuliko ya msuka. Lakini ya nini? Mimi nisingerudi hata kusalimia.

Chumvi_Tanga
Nimesharudi, Mzee. Nilimwuliza kwa adabu, nikamwonyesha lile neno. Akalitazama, akafikicha miwani, akashusha hadi 90,000.

Zuhura_Yokohama
😂 Na wewe?

Chumvi_Tanga
Nimenunua birika la chuma. Halina karatasi.