Mapunye yanarudi kila tukidhani yamekwisha: tuanzie wapi, vichwani au kwenye makochi?

Mama Pacha (mleta uzi)

Ndugu zangu, naomba ushauri, hasa kwa waliokwisha kupambana na jambo hili hadi likakoma. Mwanangu wa kwanza, anayesoma shule ya msingi, alianza kwa kidoa chenye magamba kisogoni. Nywele za hapo zikakatika na kubaki kama vinukta vyeusi. Kabla hatujatulia, mmoja wa wadogo zake pacha akatokewa na baka la mviringo shavuni, nami nikapata mawili mkononi, upande ule ninaombebea mtoto. Katika duka la dawa tulipewa krimu ya klotrimazoli, tukapaka wote. Mabaka ya ngozini yalififia, kisha baada ya muda yakajitokeza tena, na kichwani hapakubadilika kitu isipokuwa kile kidoa kuzidi kupanuka.

Nimechemsha shuka, nimeanika magodoro juani, na sasa nafikiria kutupa zulia na makochi. Jirani amenisifia krimu nyingine yenye dawa tatu kwa pamoja, ambayo anasema inaondoa muwasho kwa siku moja. Je, niitumie? Je, ni nyumba inayotuambukiza upya au ni kitu kingine? Tuna paka pia, lakini anaonekana mzima kabisa.

Tabibu wa Zamu

Pole sana, dada, na makochi yako yaache mahali pake. Kwa maelezo yako, chanzo kinachowezekana zaidi ni kichwa cha huyo mwanao mkubwa, ambacho hakijatibiwa mpaka sasa, ingawa kimepakwa dawa. Mapunye ya kichwani huwa ndani ya unywele wenyewe na katika shina lake, mahali ambapo krimu haifiki hata ukiipaka kutwa mara tatu. Kwa hiyo mtoto anaendelea kudondosha nywele na magamba yenye vimelea kwenye mito, kofia na mabega ya wadogo zake, huku ninyi wengine mkipona ngozini na kuambukizwa upya.

Anahitaji dawa ya kumeza, inayopimwa kwa uzito wake na mhudumu wa afya. Dawa mbili zinazotumika sana ni griseofulvini, ambayo kwa kawaida humezwa wiki 6 hadi 8 na wakati mwingine zaidi, na terbinafini, ambayo muda wake huwa mfupi. Griseofulvini imezwe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa yasiyoondolewa mafuta, kwa sababu ikimezwa tumbo likiwa tupu mwili huipokea kidogo tu. Na wajawazito hawaruhusiwi kuitumia. Ikiwezekana, zichukuliwe nywele zilizokatika na magamba zipelekwe maabara kabla ya kuanza dawa. Fangasi wa jamii ya Trichophyton hushindwa zaidi na terbinafini, ilhali wale wa jamii ya Microsporum, ambao mara nyingi hutoka kwa paka na mbwa, hushindwa zaidi na griseofulvini. Ndiyo maana swali lako la paka si dogo.

Shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2, au ya seleniamu salfaidi, haiponyi mapunye peke yake, lakini hupunguza vimelea vinavyodondoka. Mwanao aoshwe nayo mara mbili kwa wiki, povu likae kichwani dakika tano hivi kabla ya kusuuza, na watoto wanaolala naye waoshwe pia hata kama hawana dalili. Mtoto anaweza kubeba vimelea kichwani bila hata gamba moja, na huyo ndiye anayewarudisha nyote mwanzo.

Kwa mabaka ya ngozini, klotrimazoli inafaa, ila ipakwe mara mbili kwa siku na ivuke ukingo wa baka kwa sentimita mbili hivi, kwa maana fangasi yuko mbele ya ule mstari mwekundu unaouona. Iendelee kwa wiki moja au mbili baada ya ngozi kuonekana safi. Wengi huacha siku muwasho unapoisha, na hapo ndipo baka hurudi bila kosa la kochi wala godoro.

Ile krimu ya dawa tatu usiiguse. Mara nyingi mojawapo huwa ni steroidi kali, na hiyo ndiyo inayoondoa muwasho kwa siku moja: inanyamazisha kinga ya ngozi huku fangasi wakisambaa chini yake. Baka hupoteza umbo lake la mviringo, hutanuka, na baadaye hata daktari hupata shida kulitambua.

Mfuga Paka

Paka kuonekana mzima si ushahidi, mama. Wapo paka, hasa wenye manyoya marefu, wanaobeba fangasi aitwaye Microsporum canis bila kunyonyoka hata kidogo. Daktari wa mifugo huchukua mswaki mpya, akauchanisha kwenye manyoya yote, kuanzia usoni na nyuma ya masikio hadi mkiani, kisha akaupeleka kuoteshwa maabara. Wengine humulika manyoya kwa taa maalumu gizani, na nywele zenye fangasi huyo mara nyingi hung'aa kijani kibichi. Lakini zisipong'aa, hilo halimaanishi kwamba paka ni salama.

Akikutwa nao, atibiwe wakati mmoja na watoto, na kwa muda huo akae katika chumba kimoja kisicho na zulia ambacho ni rahisi kufutwa. Usimmwage kwa sababu ya uzi huu, na usimwogeshe kwa klorini. Nimeona watu wakishauriana hivyo na inasikitisha.

Kinyozi Mkongwe

Nichangie kwa upande wa kazi yangu. Kunyoa upara si tiba, kwa kuwa mashina yenye fangasi hubaki ndani ya ngozi, na mashine isiyosafishwa itavihamishia vimelea kwenye kichwa kinachofuata. Mafuta ya kulainishia meno ya mashine hayaui chochote. Meno yafunguliwe, nywele zote zitolewe kwa brashi, hata zile zilizojibana katikati, yaoshwe, ndipo yalowekwe katika dawa ambayo lebo yake inasema inaua fangasi, kwa muda ulioandikwa hapo. Nywele zikibaki, dawa haifiki chini yake. Chanuo na brashi za nyumbani ni vivyo hivyo, na kila mtoto awe na chake.

Bibi Usafi

Kuhusu nyumba yenyewe, mwanangu, fangasi hawa hawaoti kwenye kochi kama ukungu unavyoota kwenye ukuta wenye unyevu. Chakula chao ni ngozi, nywele na kucha. Kinachobaki kwenye samani ni mbegu zao, zimeshikamana na nywele na magamba yaliyodondoka, na mbegu hizo zinaweza kudumu miezi mingi. Kwa hiyo kazi kubwa ni kuondoa nywele na vumbi, na dawa inakuja nyuma. Usifagie pakavu ukavirusha hewani. Tumia kitambaa chenye maji na sabuni, au mashine ya kunyonya vumbi kwenye zulia na makochi, na uchafu wake uutupe nje siku hiyohiyo.

Sakafu na meza zikishakuwa safi, futa kwa klorini ya kufulia, sehemu moja kwa maji sehemu thelathini, iache dakika kumi kisha usuuze. Klorini isichanganywe kamwe na siki, amonia wala sabuni ya kusafishia choo, kwa maana hutoa hewa ya sumu. Pia isipakwe kwenye ngozi ya mtoto, kama ambavyo kitunguu saumu kisipakwe, kwa kuwa kinaunguza.

Nguo si lazima uzichemshe zote. Kung'uta nywele nje, kufua kwa sabuni na maji mengi bila kuzisonga nguo nyingi pamoja, kurudia mara ya pili na kukausha kabisa kunatosha kwa nguo nyingi. Foronya, taulo na kofia ndizo za kuzikazania, maana ndizo zinazogusa mahali penyewe. Ukifanya hivyo mara moja au mbili kwa wiki matibabu yakiendelea, huna haja ya kujitesa kila siku.

Msomaji Mtulivu

Hakuna aliyeuliza kuhusu miguu. Je, katika watu wazima wa nyumba hiyo yupo mwenye ngozi inayobanduka katikati ya vidole, au kucha nene zilizogeuka njano? Fangasi wa miguuni si kawaida kuwa chanzo cha mapunye ya mtoto, lakini mara nyingi husababisha mabaka yanayorudi kinenani na mwilini kwa watu wazima, hasa taulo moja inapofuta miguu na kila kitu kingine.

Mama Pacha (mleta uzi)

Asanteni sana. Nina mrejesho. Majibu ya maabara yameonyesha Trichophyton, kwa hiyo paka amepumua, na mtoto ameanza terbinafini. Miguu ya baba yao ndiyo hiyo mliyoisema, naye sasa anapaka dawa. Lakini kuna jambo linanitisha: baada ya kuanza vidonge, mtoto ametokwa na vipele vidogo vinavyowasha mikononi na kifuani. Je, dawa imemkataa? Na je, abaki nyumbani asiende shule mpaka apone?

Tabibu wa Zamu

Vipele vya namna hiyo mara nyingi ni mwili unaowajibu fangasi walioko kichwani, na hujitokeza hasa matibabu yanapoanza. Havina fangasi ndani yake, na kwa kawaida havitakiwi kusimamisha dawa. Mwonyeshe aliyemwandikia ili avihakikishe kwa macho. Akivimba midomo au uso, akipata homa na vidonda mdomoni, au akipumua kwa shida, hiyo ni habari nyingine, mpeleke hospitali mara moja. Vilevile kidoa kikivimba na kuwa laini chenye kutoa usaha, asikubali mtu kukipasua kama jipu. Arudi kliniki mapema, maana hali hiyo inaweza kuacha kovu lisiloota nywele.

Shule anaweza kwenda maadamu ameanza dawa ya kumeza na shampuu, ila asiazimane kofia wala chanuo na wenzake. Nywele kuanza kuota ni dalili nzuri, lakini usiifanye kuwa sababu ya kuacha vidonge. Amalize muda alioandikiwa, kisha achukuliwe sampuli nyingine kichwani, nayo ikiwa safi ndipo mfunge hesabu.