Mbaazi kwenye chupa: zafura tu, hazichipui. Nisaidieni

Kijana_Kisauni
Wakubwa, shikamooni. Niko mwaka wa mwisho chuoni hapa Mombasa, mradi wangu ni tishu kalcha ya mbaazi, yaani kuotesha mimea ndani ya chupa kutokana na vipande vyake. Nakata vipande vya majani ya miche, naviweka kwenye agari (jeli ya kuoteshea) ya MS, mchanganyiko wa chakula cha mimea, yenye homoni ya 2,4-D. Vyafura vizuri, vyatoa kalasi nyeupe (bonge la seli zisizo na umbo), kisha yote yageuka kahawia na kufa. Chipukizi hata moja sijaliona. Msimamizi asema nihamie tumbaku. Niache?

Baba_Pojo
Mbaazi ni za mahamri bwana, za chupa wapi? Haya, ngoja wenye fani.

Mkulima_wa_Chupa
Usiache. Tumbaku ni rahisi, tena MS yenyewe ilitungwa kwa tishu za tumbaku, 1962. Jamii ya kunde ni wakaidi. Hiyo 2,4-D ni homoni ya aina ya oksini, na kufurisha ndiyo kazi yake.

Kwanza sema: wataka kuzidisha miche au kuingiza jeni?

Kijana_Kisauni
Kuzidisha tu.

Mkulima_wa_Chupa
Basi majani ya nini? Otesha mbegu safi ndani ya chupa, mche ukiwa bado mchanga kata pale kotiledoni (majani ya mbegu) zinaposhikana na shina. Hapo mna macho yaliyolala, yanangoja kuamshwa. Toa 2,4-D, tia BAP, homoni ya kuchipusha. Miligramu 2 kwa lita pa kuanzia, kisha panda na kushuka uone. pH 5.8. Vitamini tumia za B5 (si vitamini B5, ni mchanganyiko mwingine kama MS), zina thiamini nyingi, nao ulitungwa kwa seli za soya.

Dada_Maabara
Ukahawia huo ni fenoli, kemikali za mmea wenyewe, jeraha likikutana na hewa. Hamishia agari mpya mapema, usingoje iwe nyeusi. Vitamini C yasaidia, lakini usiipitishe kwenye otoklevu (chungu cha mvuke cha kuua vijidudu), joto laiharibu; ichuje kwa kichujio safi, uitie agari ikishapoa kidogo. Na chumba kiwe nyuzi 25 hivi. Umeme ukipotea mwezi wa tatu, na joto letu hili, chumba ni tanuri.

Kijana_Kisauni
Ahsanteni sana. Na mizizi je?

Mkulima_wa_Chupa
Hapo ndipo wengi hukwama. MS ya nguvu nusu, bila BAP, na IBA kidogo, oksini ya kutoa mizizi. Mizizi ikigoma, usilitupe chipukizi: chukua mche wa mbaazi ulioota kawaida, ukate kichwa, upandikize chipukizi lako juu yake. Kwa dengu watu hufanya hivyo hivyo.