Mrejesho: lile sanduku la zana lenye herufi US

Wakuu, asanteni. Niliuliza kama sanduku langu la chuma la kijani, lenye herufi US kwenye kifuniko, ni la Vita Kuu ya Pili. Sivyo, ingawa aliyeniuzia aliapa kuwa lilifika Normandy, kule Ufaransa, wakati wa vita hivyo! Mliosema nisikwangue rangi mmeniokoa: nimepangusa kwa kitambaa na maji ya sabuni tu, namba ya bohari (ile ya jeshi ya kutambulisha aina ya kifaa) ikajitokeza ubavuni. Nimeihesabu mara tatu, tarakimu 11. Mfumo huo Wamarekani waliuanza baada ya vita, na mwaka 1974 wakahamia tarakimu 13, mbili za ziada zikiwa msimbo wa nchi. Basi namba ni ya katikati hapo. Bawaba moja imekufa, nitaiacha hivyohivyo.