Tupeane uzoefu: Mashine ya kusagia inachemka, inanuka, inazima yenyewe. Dawa yake nini?

MamaBajia
Wakuu salaam. Uzi huu si wa blenda ya juisi. Ni wa ile mashine ya Kihindi yenye majagi matatu ya chuma, wati 500 mpaka 750, iliyojaa siku hizi kwa wauza vitumbua na bajia. Ugonjwa wake mnaujua: kunde jagi la pili tu, kitako hakishikiki, harufu ya kuungua, halafu kimya. Waliozuia na waliotengeneza waje, na waje na vipimo. "Peleka kwa fundi" tunaijua tayari.

Kambi Popote
Nimeweka kambi hapa.

Mzee wa Kaboni
Kabla ya kuizika, igeuze kitako juu. Kuna kitufe kidogo, mara nyingi chekundu. Hiyo ndiyo ovalodi. Ndani yake kuna bati la metali mbili. Umeme ukipita mwingi kuliko kiasi, bati linapata moto, linapinda, linakata. Chomoa waya ukutani, toa jagi, acha ipoe dakika 15 mpaka 30, kisha bonyeza mpaka isikike "tik". Kikigoma kubaki ndani, bado ina joto, usikilazimishe.

Sasa iwashe bila jagi. Ikikata tena ikiwa tupu, ugonjwa uko kwenye mota. Ikizunguka vizuri tupu na kukata ukiweka mzigo, ugonjwa uko kwenye jagi au kwa msagaji.

Shombo la Feri
"Au kwa msagaji" 😂😂 hapo kuna mtu kaguswa.

Bi Kidude cha Kusagia
Wengi hawaangalii jagi. Lipindue, shika ile kopla ya chini (kipande chenye meno kinachoshikana na mota) kwa vidole, zungusha kisu. Kinatakiwa kiteleze. Kikiwa kizito, au kikikwaruza, bushi ya jagi (kile kikoa kinachoshika shina la kisu) imekauka au imeshikwa na mabaki ya tui la nazi yaliyogandia ndani. Mota inavuta kisu kilichofungwa, utalaumu mota bure.

Tiba: maji ya moto yenye sabuni yafike usawa wa kisu, yakae nusu saa, zungusha kwa mkono upande huu na huu (kwa kopla ya chini, si kwa kisu, mtakatika vidole), mwaga, suuza. Pindua jagi, tone moja la mafuta ya kula kwenye shina chini. Ikibaki nzito, badilisha bushi na sili yake. Jagi likianza kuvuja maji meusi chini, acha kulitumia siku hiyo hiyo. Yale maji yanashuka kwenye mota.

Fundi Koili
Kwenye jagi mafuta ya kula sawa, kwa sababu yanagusana na chakula. Lakini mtu asisome hapo akaenda kuyatia kwenye bushi za MOTA. Mafuta ya alizeti yakipata moto yanageuka gundi. Bushi ya mota ni shaba ya unga ulioshindiliwa, ina vitundu vinavyonywa oili. Inataka oili nyepesi ya cherehani, matone mawili kwenye ule mduara wa sufi unaoizunguka. Mawili! La tatu linarushwa kwenye kaboni (vile vipande viwili vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye mota) na hapo umejitafutia cheche.

Mlevi wa Gahawa
Ile dawa ya kupuliza ya kutolea kutu vipi?

Fundi Koili
Inasafisha, inakauka. Baada ya wiki uko pale pale, na ile oili ya zamani umeshaiosha.

Sebuleni
Ushauri wangu mwepesi: tumieni spidi namba 1. Mashine haichoki, haichemki. Hizi namba 3 ndizo zinazoua.

Mzee wa Kaboni
Mkuu, kinyume chake. Feni inayopoza mota imefungwa kwenye shina lile lile la mota. Ikizunguka polepole na mzigo mzito, feni haina nguvu na koili (nyaya za shaba zilizosukwa ndani ya mota) inavuta umeme mwingi. Namba 1 ni ya kuanzia, sekunde 5 hivi, mzigo ukishavunjika panda 2 au 3. Kukaa namba 1 na kunde nzito dakika mbili ndiko kuipika mota.

Sebuleni
Kwa hiyo na kijitabu chake kinadanganya?

Mzee wa Kaboni
Kijitabu kinasema namba 1 kwa vitu laini. Soma mstari mzima.

Sebuleni
Haya profesa.

BintiUnguja
Nyie bishaneni, mie nawapa kipimo cha vitumbua. Mchele uloweke saa 6 kwenda juu, uvunje punje kwa ukucha, isipovunjika bado. Jagi kubwa litiwe nusu, mchele na tui pamoja, tui lifunike mchele. Saga sekunde 30 mpaka 40, zima, kwangua pembeni kwa mwiko, rudia mara tatu au nne. Baada ya majagi matatu acha ipumue dakika 10.

Bajia za kunde ndio mtihani, maana unga ukiwa na maji mengi bajia hazisimami, kwa hiyo watu wanasaga kavu. Tia kikombe kimoja kwa mara moja, gusagusa ile swichi ya kushoto, usiiachie ijizungushe. Ukiona juu kumetulia na chini kisu kinalia peke yake, kuna shimo la hewa. Zima, koroga. Kumbe mtu anaiacha inalia akidhani inasaga.

Karanga: zikianza kutoa mafuta zinashikamana kama udongo, simama hapo. Binzari nzima na mdalasini mrefu vipite kinuni kwanza. Kinu hakina ovalodi.

Shombo la Feri
Hiyo ya mwisho ichapwe kwenye kanga.

Kambi Popote
Kweli tupu dada.

Nguzo ya Tatu
Mmesahau umeme wenyewe. Mashine inataka volti 230. Jioni kila nyumba imewasha, kwenye mtaa ulio mbali na transfoma unaweza kupima 190. Mota ya kaboni ikipungukiwa volti inapoteza nguvu, kisu kinasuasua, feni inasuasua, na wewe unaongeza muda. Mukiona taa inafifia mashine ikianza, sageni asubuhi.

Pia ekstensheni. Waya mwembamba wa mita 20 uliokunjwa chini ya meza, pamoja na friji na pasi juu yake, unakula volti. Chomekeni ukutani. Na zile zinazokuja na plagi ya Kihindi ya miguu mitatu ya mviringo, acheni adapta zinazocheza. Adapta ikilegea inapata moto yenyewe. Kata, funga plagi ya pembe tatu bapa: kahawia kulia kwenye fyuzi, buluu kushoto, kijani-njano juu. Na fyuzi isiwe ya ampea 13. Wati 750 kwa volti 230 ni ampea 3 na kitu, fyuzi ya 5 inatosha.

Mlevi wa Gahawa
Kumbe ile 13 haiilindi mota?

Nguzo ya Tatu
Inalinda waya unaotoka kwenye plagi kwenda kwenye mashine. Mota itakuwa mkaa kabla haijakatika.

Meza ya Fundi
Mkaa? Basi someni hii, tena taratibu.

Mashine ya wati 750, ya muuza vitumbua. Ovalodi ilikuwa inakata kila jagi la tatu. Mtu mmoja wa mtaani "akaitibu": alifungua kitako, akachomoa nyaya mbili za ovalodi, akazisokota pamoja, akafunga na selotepu. Kazi nzuri, haikati tena! Siku tatu ilisaga bila kukatika, na kila mtu akamsifu.

Siku ya nne usiku, maandalizi ya harusi, mchele kilo nyingi, jagi baada ya jagi, mashine imekalia kitambaa cha meza kilichokunjamana, kwa hiyo vitundu vya hewa vya chini vimezibwa. Kwanza ilibadilika sauti, kutoka mluzi ikawa mngurumo. Hapo ndipo pa kuzima. Haikuzimwa. Ikaja harufu tamu-kali, ile ya vanishi inayopakwa kwenye koili. Haikuzimwa. Kisha kupitia matundu ya pembeni ukaonekana mduara mzima wa cheche umezunguka shina, si cheche mbili tatu za bluu, mduara. Kopla ya plastiki ikayeyuka na kushikana na jagi, mtu akijaribu kulitoa jagi anainua na mashine. Moshi ukafuata, selotepu ikawaka, kitako kikaanza kudondosha plastiki juu ya kile kitambaa. Aliyekuwa karibu akashika ndoo ya maji. Mwenzake akamzuia mkono, akazima swichi kuu, ndipo wakatupia blanketi zito.

Ilipofunguliwa: koili ya fildi (ile isiyozunguka) nyeusi upande mmoja, amecha (ile inayozunguka) imelegeza vanishi na waya umetokeza nje ukasugua, kaboni moja imekwisha kabisa spring inakwaruza komutata (mduara wa vipande vya shaba kwenye shina, pale kaboni zinapogusa). Na mzizi wa yote? Bushi ya chini kavu. Matone mawili ya oili.

BintiUnguja
Yarabi. Aliyemzuia mkono Mungu ambariki.

Sebuleni
Harusi ilikula vitumbua?

Mlevi wa Gahawa
Huyo aliyesokota waya atajwe mtaa wake tumkwepe.

Fundi Koili
Msitukane mafundi wote kwa mmoja. Wateja wenyewe ndio wanasema "toa hicho kitufe kinanisumbua".

Mlevi wa Gahawa
Fundi wa kweli anakataa hela hiyo.

Fundi Koili
Njoo wewe ukatae, kodi ya fremu ulipe wewe.

MamaBajia
Jamani turudi kwenye uzi. Hizo kaboni mtu anabadilishaje?

Mzee wa Kaboni
Chomoa ukutani. Skrubu nne chini, nyingine imefichwa ndani ya mguu wa mpira. Piga picha ya nyaya kwanza. Kaboni ziko mbili, zimekabiliana kwenye komutata, kila moja kwenye mfereji wake na spring. Zikibaki chini ya milimita 6 badilisha ZOTE MBILI, hata kama moja bado ndefu. Nenda dukani na ya zamani mkononi, pima upana na unene. Ukikosa saizi, ya unene mkubwa kidogo unaipunguza kwa msasa mpaka iteleze mferejini bila kukwama wala kucheza. Ikikwama haigusi vizuri, cheche; ikicheza inajigonga, cheche vilevile.

Komutata ikiwa nyeusi, msasa mwembamba sana namba 400 au 600 wa karatasi, zungusha shina kwa mkono. Usitumie ule mweusi wa kitambaa wa chuma, unga wake unapitisha umeme. Safisha mifereji kati ya vipande kwa kijiti cha mwanzi. Piga brashi, rudisha, iache izunguke tupu vipindi vitatu vya dakika moja ili kaboni zikae. Cheche ndogo za bluu ni kawaida.

Meza ya Fundi
Ongezea kipimo cha mita ya umeme (ya kupima ukinzani wa waya) kabla ya kununua kitu. Kila kipande cha komutata na jirani yake usomaji ufanane. Kimoja kikiruka mbali na wenzake, amecha imekufa. Kipande chochote na shina: kusiwe na mawasiliano kabisa. Fildi mbili zisomeke sawa. Amecha ikifa kwenye mashine ya bei rahisi, kuisuka mara nyingi kunakaribia bei ya mashine.

Mswahili wa Likoni
Na kopla ikikatika meno? Mie nafungua kushoto kama skrubu zote.

Fundi Koili
Wee! Kulia. Za kopla ziko kinyume.

Mswahili wa Likoni
Yangu ilifunguka kushoto, bana.

Mzee wa Kaboni
Wote mko sawa. Inalegea kuelekea upande ule ule ambao mota inazunguka. Mashine yako inazunguka wapi, ndiko unakofungulia. Zuia shina kwa chini kwa bisibisi bapa, usizuie feni, mabawa yake ni plastiki.

Kambi Popote
Hii naiandika ukutani.

Baridi ya Minnesota
Swali toka ughaibuni. Nimepata blenda ya hapa Marekani, nataka kumtumia shangazi Tanga. Itafaa?

Nguzo ya Tatu
Kibati kikisema 120V, ikichomekwa kwenye 230 bila transfoma ni sekunde chache tu. Herzi 60 au 50 mota ya kaboni haijali, volti ndiyo inayoua. Na transfoma ya kuibeba ni nzito kuliko blenda. Mnunulie huku huku, mwache achague.

Tena blenda nyingi za juisi kibati kinasema KB 1 au KB 3, maana yake dakika moja au tatu za mfululizo, basi. Zile za Kihindi zilizaliwa kwa sababu hiyo hiyo: India mwaka 1963 mhandisi S. P. Mathur alileta Sumeet baada ya mashine ya Ulaya ya mkewe kushindwa na masala.

Sebuleni
Mimi nikimaliza natia kitako kwenye friji dakika 10. Kinapoa safi.

Meza ya Fundi
Na unyevu unaoshikana kwenye koili unaufanyaje?

Sebuleni
Sijafikiria huko.

BintiUnguja
Itoe jagi, iache izunguke tupu nusu dakika, feni yake inaipoza yenyewe.

Fundi Koili
Kama ni joto tu, sawa. Kama umeshasikia harufu ya vanishi, zima papo hapo, hiyo nusu dakika usiitoe.

Shombo la Feri
Mpya imenuka siku ya kwanza, niirudishe?

Fundi Koili
Mpya hunuka kidogo matumizi ya mwanzo, vanishi inakauka. Bila moshi, bila kukata, endelea. Ikivuka wiki bado inanuka, irudishe na risiti.

Shombo la Feri
Risiti nilifungia vitumbua.